Mlima Ulioingia Ziwani

Semei Byakutaga huchora mabango ya maduka katika mtaa wa Hai Jalaba, mjini Juba. Ukitaka kujua ni bango lipi lililotoka mkononi mwake, usitafute jina lake, kwa maana hajawahi kuliandika. Tazama pembe ya chini, upande wa kulia. Liwe bango la kinyozi, la muuza misumari au la fundi wa redio, katika pembe hiyo utakuta utepe mdogo wenye upana wa kiganja: maji, mstari wa milima, na jua linalozama. Wenye maduka wengi hawakuliomba jua hilo. Walilipata kama mnunuzi wa nyanya anavyotupiwa moja ya nyongeza kikapuni.

Hulichora kwa rangi zilizobaki. Hiyo ndiyo desturi yake ya kazi tangu mwanzo: jua la bango la leo huzama kwa mabaki ya bango la jana. Akimaliza kazi ya duka la dawa, ambalo hupenda kijani, maji ya bango linalofuata huwa ya kijani. Baada ya kazi ya bucha, anga huwa jekundu wiki nzima. Mtu mwenye subira anaweza kutembea Hai Jalaba na kusoma, pembe kwa pembe, ni nani aliyefungua duka baada ya nani.

"Rangi ikibaki mkebeni inaganda," alinieleza. "Na jua halichagui sana."

Semei ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa upande wa Uganda wa Ziwa Albert, kwenye mwalo mdogo wa wavuvi chini ya majabali ya Kyangwali. Mtu akisimama katika ufukwe ule huwa na ukuta wa mawe mgongoni na milima ya Kongo usoni, ng'ambo ya maji. Jua lilizama Kongo kila siku, na kila siku wavuvi walilitazama kwa sababu ya kazi. Likigusa tu milima, ilikuwa saa ya kusukuma mitumbwi majini na kuwasha taa za kuvulia dagaa.

Uchoraji wake ulianzia kwenye mitumbwi hiyo. Kila mtumbwi ulitakiwa kuwa na jina na namba ubavuni, na Semei, aliyemaliza darasa la saba akiwa na mwandiko mzuri, ndiye aliyepewa brashi. Mitumbwi ilirudi asubuhi ikiwa imelowa na haikukauka mpaka alasiri. Muda wa kuchora ulikuwa mfupi, kati ya kukauka kwa mbao na kuzama kwa jua, kwa hiyo rangi alijifunza katika mwanga ule wa mwisho. Alijifunza kwamba nyekundu hufa mapema na kuwa nyeusi machoni, ilhali bluu hubaki hai hata jua likishaondoka. Hakulisoma jambo hilo popote. Aliligundua jioni moja alipomalizia ubavu wa mtumbwi kwa mkebe aliodhani ni wa nyekundu, na asubuhi mwenye mtumbwi akamwamsha kumwuliza kwa nini nusu yake ni kahawia.

Mwaka 2009 alikuja Juba akiwa amekaa juu ya magunia ya vitunguu katika lori. Mji ulikuwa ukifungua maduka kila wiki na kila duka lilihitaji jina. Alikusudia kukaa miezi sita.

Kisha, mwaka 2020, maji ya ziwa yalipanda. Dada yake, Josline, alimpigia simu kutoka Hoima.

"Kaka, mwalo haupo."

"Haupo vipi?"

"Haupo tu. Kanisa limebaki bati."

"Na nyumba ya mama?"

"Samaki wamehamia."

Semei alicheka kwa jinsi alivyolisema. Halafu wakaulizana habari ya picha, simu ikiendelea kula salio. Picha hawakuwa nazo. Moja waliyokuwa nayo, ya baba yao akiwa ameinua sangara mkubwa, ilikwenda na sanduku. Tangu siku hiyo ule utepe wa pembeni ulikuwa na kazi nyingine. Ufukwe ule, kama ulivyokuwa, ulibaki mahali pamoja tu, katika mkono wa Semei, na kila alipouchora alijiambia kwamba bado upo.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, mwanamke aitwaye Penina alimfuata kibandani. Penina ni mwenyeji wa hapa Sudan Kusini, lakini alikulia ukimbizini Uganda, katika makazi ya Kyangwali, juu kabisa ya majabali yale ambayo Semei alizaliwa chini yake. Alikuwa anafungua mkahawa wa samaki Hai Jalaba, na kwa kuwa aliyajua mabango ya Semei, alitaka ukuta mzima wa ndani.

"Usinipe kipande, fundi," alisema. "Kipande nimekiona kwa kinyozi. Mimi nipe ziwa lote."

Mkahawa ungefunguliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchungaji akiwa amealikwa kuuombea. Semei alinunua rangi mpya kwa ajili ya jua hilo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichora siku tatu. Aliweka mawingu, mitumbwi, vichanja vya kuanikia samaki, na nyuma ya yote mlima wenye jua begani. Waashi wawili waliokuwa wakimalizia sakafu walisimamisha kazi mara kwa mara ili watazame, na Semei hakuwaonea haya. Alijua kwamba ni kazi nzuri.

Siku ya tatu, Jumamosi alasiri, Penina alimleta mama yake, Rebecca. Ni bibi wa miaka sabini hivi, mwenye miwani mizito, aliyejifunza Kiswahili kwa majirani wa Kikongo huko ukimbizini na kukichanganya na Kiarabu cha Juba kadiri anavyopenda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba na kutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Tamam," alisema. "Iko mzuri. Ni wapi?"

"Ziwani, mama," Semei alijibu. "Ziwa Albert."

"Upande gani?"

"Nyumbani. Kule chini ya Kyangwali."

Rebecca alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Mwanangu, mimi iko na macho mbaya, lakini haiko mbaya hivyo. Hii ni Rejaf."

"Mama, malesh, basi," Penina aliingilia. "Fundi amefanya kazi siku tatu."

"Mimi nimesema kazi mbaya? Nasema mlima ni ya Rejaf, hapa karibu kwa mto. Mama yangu alinizaa pale. Mlima ya kwetu mimi nitakosa kujua?"

Mwashi mmoja alijikohoza. "Mzee amechora mto," alimwambia mwenzake, "halafu anauuza kwa bei ya ziwa."

"Milima ya Kongo iko hivi hivi," Semei alisema.

"Kongo haina kichwa." Rebecca alinyoosha mkono, akaupitisha taratibu toka kona moja ya ukuta mpaka kona ya pili. "Kongo inalala. Inalala ndefu, kama mtu mgonjwa. Hii yako imesimama kama chungu umefunika chini."

Semei alikusanya brashi zake. Alimwambia Penina kwamba rangi inahitaji kukauka na kwamba atarudi. Waashi wakacheka, ingawa kwa sauti ya chini.

Hakumwamini bibi yule. Ndivyo alivyoniambia, na namsadiki, kwa sababu ni vigumu kumwamini mtu anayekuambia kwamba hukijui kilichokulea. Lakini siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na Jumapili Semei alikuwa na desturi yake. Juba imejengwa upande wa magharibi wa Nile. Jua la hapa huchomoza mtoni na kuzama nyuma ya nyumba, kwa hiyo anayetaka kuliona likizama juu ya maji lazima avuke daraja na kulitazama akiwa ng'ambo. Kwa miaka mingi, baada ya ibada, Semei amekuwa akipanda boda, akivuka, na kushuka kusini mpaka ukingo wa mashariki unaotazamana na mlima wa Rejaf. Hununua samaki wawili kwa wavuvi wa pale, hukaa juu ya jiwe, na kulisindikiza jua. Alikuwa akienda ili asilisahau ziwa. Hakuwa na sababu nyingine.

Jumapili hiyo alikaa juu ya jiwe lile lile. Mto ulikuwa umepungua na visiwa vya nyasi vilionekana katikati. Jua lilishuka, likakaa begani mwa mlima, na mlima ukasimama peke yake mbele ya anga, wa duara chini na mwembamba juu, kama chungu kilichopinduliwa.

Ulikuwa ukuta wake. Hata wingu la kushoto lilikuwa pale alipoliweka.

Alifumba macho ili aite milima ya Kongo. Mlima wa Rejaf ukaja. Alijaribu kuanzia mbali: harufu ya vichanja, sauti ya makasia yakirushwa kwenye mtumbwi, mama yake akimwita apeleke mafuta ya taa. Vyote vilikuja kwa utii. Kisha aliinua uso, ndani ya kumbukumbu hiyo, atazame ng'ambo ya maji, na pale ng'ambo palikuwa na Rejaf. Jumapili baada ya Jumapili mlima huu ulikuwa umeingia ziwani mwake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuvusha.

"Niliogopa," aliniambia. "Mwalo ulikuwa umezama mara moja. Sasa nilikuwa nimeuzamisha mara ya pili."

Jumatatu asubuhi hakufungua kibanda. Alianza kutembea Hai Jalaba akitazama pembe za mabango yake, moja baada ya moja, kutoka jipya kwenda la zamani. Bango la fundi cherehani, la mwaka jana, lilikuwa na Rejaf kamili. La duka la simu, la miaka minne iliyopita, lilikuwa na mlima mmoja mkubwa na mwingine mdogo ubavuni. Kwa kinyozi, mwaka 2017, milima ilikuwa mitatu na vilele vyake havikuwa vikali. Alivyozidi kurudi nyuma, ndivyo milima ilivyozidi kushuka na kurefuka, kama mtu anayeketi, kisha anajinyoosha. Lakini safari hiyo ilikoma kwenye mwaka 2014, kwa muuza vipuri, ambapo jua lilikuwa limechubuka mpaka kwenye mbao. Mabango ya kabla ya hapo hayakuwapo tena. Mahali pake palikuwa na mabango ya plastiki yaliyochapishwa kwa mashine.

Mashine hiyo ni ya Dhieu, jirani yake wa kibanda cha pili, mwanamume wa miaka thelathini aliyesomea Nakuru na anayependa kumtania. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akimtazama Semei akichungulia juu ya milango ya watu.

"Mzee, umepoteza nini huko juu?"

"Mlima."

"Mlima unapoteaje? Si ni kitu inakaa tu?"

Semei alimweleza. Dhieu alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakutia mzaha katikati. Kisha alitoa simu.

"Hii ni kazi ndogo. Natafuta ziwa, nalichapa mita sita, tunabandika kwa ukuta wa Penina kabla ya lunchi. Wewe unaweka tu sahihi." Alipapasa kioo na kumwonyesha. "Cheki hii."

Picha ilikuwa na mchanga mweupe, minazi miwili, na watu wawili wamelala kwenye viti virefu.

"Hapa ni nani anavua?" Semei aliuliza.

"Hapa hakuna mtu anavua, mzee. Watu wako likizo."

"Basi si ziwa langu."

Dhieu aliguna, akafungua picha zinazopigwa kutoka angani. Semei alimwelekeza kwa jina la mto mdogo ulioshuka majabalini, na Dhieu akaufuata kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Hapa? Mimi naona maji tu."

"Ndiyo," Semei alisema. "Ni hapo."

Dhieu aliirudisha simu mfukoni. Alimalizia chai yake. "La kwanza kabisa ulichora wapi? Siyo hapa mjini. Lile la kwanza ukitoka kwenu."

Semei alikuwa amekwisha kulifikiria, lakini alikuwa hajathubutu. Bango lake la kwanza katika nchi hii alilichora Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, wiki ile ile aliyoshuka kwenye magunia ya vitunguu. Lilikuwa la hoteli ya chakula ya mwanamke wa kwao, Olivia, ambako madereva wa malori husimama kula. Alikuwa na ziwa mgongoni siku nne tu wakati huo. Kama bango hilo lilikuwa limekwenda, hapangekuwa na mahali pengine pa kwenda kuuliza.

Jumanne alipanda gari la Nesitu. Aliona tangu barabarani kwamba juu ya mlango wa Olivia kulikuwa na plastiki iliyopauka, yenye picha ya kuku. Olivia mwenyewe alikuwa nje akipepeta mchele, mnene kuliko alivyomkumbuka, na alipomwona aliweka ungo chini.

"Araali," alisema.

Wanyoro, watu wa kwao, huitana kwa jina la heshima ambalo kila mtoto hupewa pamoja na lile la kawaida. La Semei ni Araali, na hapa Juba, ambako kila mtu humwita fundi au mzee, ilikuwa miaka mingi tangu alisikie likitamkwa uso kwa uso. Alimjibu kwa lake.

"Akiiki. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Wewe umezeeka, lakini nimekujua kwa kutembea. Bado unatembea kama mtu anaogopa mtumbwi utapinduka."

Waliulizana habari za nyumbani, za waliohama na waliokufa, mpaka Semei akaweza kuuliza habari ya bango.

"Lile ubao? Lipo," Olivia alisema. "Mbao ngumu kama ile mtu hatupi. Nililifanya dirisha ya jiko."

Lilikuwa pale, limetiwa bawaba, uso wake umegeukia ndani juu ya mafiga. Miaka ya moshi ilikuwa imelipaka masizi mazito yanayong'aa. Hapakuonekana herufi wala rangi.

"Umelikausha ziwa kama samaki," Semei alisema.

"Na samaki wa moshi haozi. Nishukuru."

Aliomba mafuta ya taa na kitambaa. Alianzia pembe ya chini, kulia, akisugua polepole kwa mviringo, na masizi yakaanza kutoka. Chini yake palitokea rangi ya chungwa, safi kama ya jana. Lilikuwa jua. Semei aliongeza mafuta, akasugua kwa nguvu zaidi, na alipoinua kitambaa aone vizuri, jua lilikuwa kwenye kitambaa.

Alisimama hivyo hivyo, mkono hewani. Alikuwa amesahau jambo ambalo mchoraji mwingine yeyote angelikisia. Mwaka ule, akiwa hana fedha ya kununua dawa ya kuyeyushia rangi, alikuwa ameiyeyusha kwa dizeli aliyoomba kwa madereva. Rangi ya namna hiyo haikauki kabisa kamwe. Mafuta ya taa huiita, nayo hufuata.

"Araali, umefuta ziwa langu," Olivia alisema nyuma yake.

"Nimefuta jua. Nipe sabuni, Akiiki. Sabuni na maji tu."

Kazi iliyobaki aliifanya kwa ncha ya kidole kilichofungwa kitambaa, kwa povu, bila kukandamiza. Ilimchukua mpaka mchana ukapinduka. Madereva waliingia jikoni kuomba chumvi, wakatoka nayo. Mwishoni, chini ya doa lililokuwa jua, ulitokea mstari wa bluu.

Ulikuwa umelala. Ulianzia ukingo mmoja na kuishia ukingo wa pili bila kilele kimoja kilichojitenga, na katikati palikuwa na mabonde mawili yasiyo na kina, moja refu na jingine fupi, kama mahali ambapo mtu amelalia godoro. Semei aliupitishia kidole. Alipofika bonde la pili, kidole kilishuka kabla jicho halijakielekeza. Aliupitishia tena akiwa amefumba macho. Aliomba karatasi ya mfuko wa saruji, akaunakili mstari ule mara tatu, ingawa kufikia mara ya tatu hakuwa akilitazama bango.

"Nitarudi nikuchoree jua jingine," alimwambia Olivia.

"Rudi na rangi ya kweli. Siyo hiyo ya kunyonya kwa lori."

Jumatano asubuhi alipaka chokaa juu ya mlima wake katika ukuta wa Penina. Waashi walipoona anaufuta, mmoja akamletea ngazi bila kuombwa. Rebecca alikuja alasiri na bamia za kukata, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki. Semei alivuta mstari wa bluu kutoka kona mpaka kona, kwa pumzi chache, bila kusimama.

Kisu cha bibi kilitulia.

"Hiyo," alisema. "Hiyo sasa inalala."

Lakini kulikuwa bado na jua. Alichokuwa amebakiwa nacho ni doa kwenye kitambaa. Alhamisi alijaribu kuliweka kama alivyolijua, limezama nusu nyuma ya milima, ufukwe ukiwa bado na mwanga na mitumbwi ndiyo kwanza inasukumwa. Rebecca alitazama, akatikisa kichwa.

"Mimi sijaona hivyo."

"Ndivyo lilivyokuwa, mama. Hapa nina hakika."

"Kwako wewe, mtu ya chini. Mimi nilikuwa mtu ya juu." Aliweka bamia pembeni. "Sikia. Sisi wanawake ya Kyangwali tunanunua samaki kwenu saa tisa, tunapanda ile njia ya mawe na karai kwa kichwa. Ukifika juu unaweka chini, unageuka. Sasa huko kwenu, kalas, giza imefika. Taa zenu ziko kwa maji tayari, kidogo kidogo, kama mtu amemwaga chumvi. Lakini sisi huku juu bado iko na jua."

Semei alishuka ngazi.

"Nyinyi mlikuwa na jua wakati sisi tumewasha taa?"

"Kidogo. Ya kupumzisha shingo. Halafu na sisi inatuacha."

Alikuwa amezaliwa pale, alikuwa amelitazama jua lile kila siku ya ujana wake, na hakujua. Hakuwahi kuwa juu saa hiyo, kwa sababu saa hiyo mvuvi huwa majini. Alimwomba Rebecca asimulie tena tangu mwanzo, polepole, na safari hii alichora akimsikiliza: ufukwe ukawa bluu ya giza, ile bluu isiyokufa, na vichanja vikawa mistari tu, na juu ya milima ya Kongo likabaki jua dogo jekundu, lisilowafikia tena walio chini. Alipokosea, bibi alisema, "Chini kidogo," au, "Hapana, moshi ilikuwa inakwenda upande huu," na yeye akafuta.

Ijumaa, rangi zilipokuwa zimebaki kidogo kidogo mikebeni, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pembe ya chini, kulia. Alichora utepe wa kiganja: mto, na mlima mmoja uliosimama.

"Na huo?" mwashi aliuliza.

"Huo ni Rejaf," Semei alisema. "Ni wa mama. Ni nyongeza."

Kilichosalia kilikuwa taa. Alizitia kwa ncha ya kijiti, nukta za njano juu ya maji ya giza, akiongozwa na Rebecca: nyingi hapa, chache pale, na hapa pasiwe na kitu kwa sababu palikuwa na mawe. Alipomaliza, bibi alisogeza kiti karibu na ukuta.

"Wewe ulikuwa wapi?"

Semei alifikiri. Alichovya kijiti, akanyoosha mkono juu kabisa, karibu na milima, akaweka nukta moja. "Pale. Dagaa wazuri walikuwa huko mbali."

Rebecca alikaza macho nyuma ya miwani yake.

"Huko sikuoni," alisema. "Leta karibu."

Aliifuta nukta ile kwa kidole gumba. Akachovya tena, akaiweka chini, karibu na ufukwe.